Watu Mia Tatu wa Rugoma

Massoudi Huseni alizungusha mkono wa mashine ya kuhesabu kwa mara ya tatu, akangoja meno yake yanyamaze, akasoma. Arobaini. Akageukia karatasi ya pili, ile ya idadi iliyotoka kwenye fishi zenyewe, zile kadi za sensa. Mia tatu na kumi na mbili.

"Apana," alisema, ingawa chumbani hamkuwa na mtu. "Haiwezekani."

Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka 1970, katika ofisi ya takwimu mjini Bujumbura. Mwaka mmoja kabla, waulizaji walikuwa wamepita kila mtaa, nyumba kwa nyumba, wakijaza fishi: nani anaishi hapa, alizaliwa wapi, alifika mjini mwaka gani. Massoudi alikuwa mtoto wa Buyenzi, baba yake fundi wa magari, na yeye mwenyewe alianza kazi kwa kupanga fishi kwenye masanduku. Alipofika miaka thelathini na nne ndiye pekee ambaye shefu alimwachia ile kanuni.

Kanuni yenyewe haikuwa uchawi. Mahali penye watu wengi hutoa wahamiaji wengi, na umbali huwapunguza. Unazidisha watu wa kule kwa watu wa hapa, unagawa kwa kilomita mara kilomita, kisha unagawa tena kwa kipimo kimoja kilichotafutwa kwa ajili ya mji mzima. Unapata idadi ya watu wa kule unaotarajia kuwakuta Bujumbura. Kwa Gitega kanuni ilikosea kwa watu wachache tu. Kwa Ngozi vilevile. Lakini Rugoma, kilima kidogo cha watu elfu moja na mia tisa karibu na mto Ruzizi, kilomita sitini na mbili kaskazini, ilitakiwa kutoa watu arobaini. Fishi zilisema mia tatu na kumi na wawili.

Shefu wake, Honoré Barampama, alikuja akavaa miwani. Alikuwa amesoma Ubelgiji, akarudi na mapenzi ya namba ambayo mkewe alikuwa akiyalalamikia mbele za wageni.

"Umehesabu fishi mwenyewe?"

"Mara mbili, shefu. Kwa mukono."

"Mutu mumoja kwa sita, kilima kizima, amehamia huku?" Honoré alikaa juu ya meza kama mwanafunzi. "Ça, c'est intéressant, inavutia sana. Massoudi, kuna kitu pale. Rudi kwa batu ishirini kati yao, mu mitaa ya Mutakura na Carama, uwaulize kwa nini walikuja. Ukipata sababu, jina lako litakuwa kwenye ripoti. Na ile nafasi ya masomo ya nje, mi najua nani nitamupendekeza."

Massoudi alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Mkewe Asiya alikuwa uani akichambua maharagwe kwenye ungo, mtoto wao Zaituni, wa miaka mitatu, akimwibia punje moja moja. Walikuwa wameoana miaka minne iliyopita. Kabla ya kusilimu aliitwa Daphrose, msichana asiye na wazazi, mzaliwa wa Rugoma.

"Mama Zaituni, batu wa kwenu wana nini?"

"Kwetu wapi?"

"Rugoma! Wamejaa mu fishi zangu. Kanuni inasema arobaini, mi nimepata mia tatu na zaidi. Na we uko mumoja wao." Alicheka.

Mkono wa Asiya ulitulia juu ya ungo. Kisha ukaendelea.

"Udongo umechoka, Baba Zaituni. Na soko iko moja tu, ya Alhamisi, pale chini ya kanisa. Mutu atafanya nini na soko moja?"

Massoudi alitoa kalamu palepale akaandika: udongo umechoka.

Mutakura alimaliza nyumba kumi na mbili kwa siku mbili. Alimkuta mshona viatu, muuza makaa, mama mmoja aliyekaanga mandazi mbele ya mlango, na wengine. Wote walimkaribisha, wote walijibu bila kusita. Mmetoka wapi? Rugoma. Kwa nini? Udongo umechoka. Soko ya kwenu siku gani? Alhamisi, chini ya kanisa. Kufikia nyumba ya kumi alikuwa na furaha iliyomzidi. Hakuna kinachomfurahisha mtu wa hesabu kama majibu yanayolingana.

Jumanne jioni, kabla ofisi haijafungwa, alimsomea Honoré daftari lake. Honoré alisikiliza huku akitikisa kichwa kwa kuridhika, hadi ghafla kichwa kikasimama.

"Chini ya kanisa gani?"

"Kanisa la Rugoma, shefu."

"Rugoma hakuna kanisa."

Massoudi alidhani hakusikia vizuri.

"Nilipita pale mwezi wa pili pamoja na wapimaji," alisema Honoré polepole. "Kuna pamba, nyumba zimetawanyika, na mafunjo mpaka mutoni. Kanisa hakuna. Soko hakuna, ya Alhamisi wala ya siku nyingine. Wote kumi na mbili walikuambia kanisa?"

"Wote."

"Kwa maneno yale yale?"

"Yale yale."

"Yampaye inka!" Honoré alishangaa kwa Kirundi, akavua miwani. "Basi hawajatoka Rugoma. Mutu aliwafundisha."

Massoudi alihisi kiti kinasogea chini yake, naye hakuwa amesogea. Kumi na mbili, shefu alisema. Lakini yeye alikuwa anajua wa kumi na tatu, na huyo wa kumi na tatu ndiye aliyemwambia kwanza habari za kanisa, huku akichambua maharagwe.

Hakusema. Nyumbani aliwekewa samaki wa mukeke wa kukaanga na ugali, akala bila kujua anakula nini. Alimtazama Asiya akimwosha mtoto miguu. Shingo ile aliijua, namna ile ya kuimba bila maneno aliijua. Swali lilifika kwenye meno mara tatu, na mara tatu akalimeza. Utamuuliza nini mtu uliyelala naye miaka minne? Utaanzia wapi?

Asubuhi Asiya aliaga mapema, kama kila Jumatano. Alikuwa akienda kwenye maghala ya Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, kuchukua vipande vya sabuni vya kuuza pale mtaani. Zaituni aliachwa kwa jirani. Massoudi akachukua daftari, akapanda baiskeli kwenda Carama kumaliza nyumba nane zilizobaki.

Nyumba ya kwanza ilikuwa pembeni kabisa, mahali mtaa unapoishia na mihogo inapoanza. Fishi ilisema: mjane, miaka hamsini na tano hivi, anaishi peke yake, amezaliwa Rugoma. Massoudi alibisha hodi. Akatoka mama mwembamba, mrefu, mikono yake ina udongo. Alimsalimu kwa Kiswahili, mama akatikisa kichwa tu. Alimsalimu kwa Kirundi, akatikisa tena.

"Mama, usiogope. Mi naitwa Massoudi Huseni, natoka mu biro ya takwimu."

Mama yule aliposikia jina alivuta kitenge upesi akajifunika uso. Akampa mgongo. Akatembea upande upande, kama kaa, mpaka mwisho wa ua, akakaa chini akiielekea mihogo.

Massoudi alibaki mlangoni, kalamu mkononi. Ana ugonjwa? Ana hofu ya serikali? Kisha mama akaita kwa sauti kuelekea ndani ya nyumba:

"Nsimire!" Akaongeza maneno mengine ya Kishi, lugha ya kule Bukavu, ambayo Massoudi aliwahi kuisikia kwa mafundi wa gereji ya baba yake.

Ndani mtu aliitika. Akatoka mwanamke ameshika kigoda kwa mikono miwili, kigoda cha mgeni. Alikuwa Asiya.

Kuku alipita katikati yao. Massoudi aliutazama uso wa mkewe, akautafuta kama mtu anayesoma namba ambayo haifanani na hesabu yoyote.

"Lahaula," alisema mwishowe. "We unafanya nini hapa?"

"Baba Zaituni..."

"Nsimire ni nani?"

"Ni mimi."

"Na ule pale?"

Asiya aliweka kigoda chini. "Ni mama yangu."

"Mama yako alikufa! We mwenyewe uliniambia. Tulimusomea fatiha, mi na baba, Mungu amurehemu. Tulisoma fatiha ya mutu muzima, Asiya!"

"Najua."

"Unajua!"

Akakaa kwenye kile kigoda bila kukaribishwa. Asiya alipiga magoti mbele yake, si kwa kuomba, bali kama mtu aliyechoka kusimama. Alizungumza kwa sauti ya chini, akiangalia vidole vyake.

Walitoka Cishali, ng'ambo ya Ruzizi, upande wa Congo, mwaka 1964 vita ilipofika. Baba alibaki njiani. Walivuka mto usiku wa mvua, watu zaidi ya mia mbili, wakakaa siku tatu ndani ya mafunjo. Kulikuwa na habari kwamba anayesema ametoka Congo anapakiwa kwenye lori, anapelekwa kambini mbali, au anarudishwa kulekule. Kati yao alikuwepo katekista aitwaye Akilimali. Ndiye aliyewafundisha, mmoja mmoja, wazee kwa watoto. Semeni Rugoma. Ni padogo, hakuna atakayepajua.

"Tukamuuliza, wakituuliza kuko namna gani tutasema nini? Akasema, semeni ya Cishali, hamutasahau. Soko yetu ilikuwa ya Alhamisi. Chini ya kanisa. Yote niliyokuambia ya kwetu ni kweli, Baba Zaituni. Ni jina tu."

"Na mama? Kumufanya maiti ni jina tu?"

"Mama hajui Kirundi, Kiswahili chake unasikia wapi? Akifungua kinywa, wote wanajua ametoka wapi, na mi nimetoka wapi. Mwanzo niliogopa. Halafu ukanioa, na uongo ulikuwa umeshaota mizizi." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Na we kazi yako ni kuuliza batu wametoka wapi na kuandika. Ningekuambia, ungeandika nini?"

Kule kwenye mihogo mama alisema neno, bado amewapa mgongo.

"Anasema nini?"

"Anauliza kama mutoto anakula muzuri."

"Hajamuona?"

"Alimuona mara ya mwisho kabla Zaituni hajaanza kusema. Alipoanza kusema niliacha kumuleta, angekuambia." Asiya alifuta uso kwa kiganja. "Hakuangalii we, na si kwa chuki. Kwetu mama mukwe hamuangalii mume wa mutoto wake. Ni heshima."

Massoudi aliinuka. Alitaka kupiga kelele, na alitaka kwenda kumsalimu yule mama vizuri, na kwa kuwa hakuweza kufanya yote mawili, hakufanya hata moja. Alipanda baiskeli. Nyumba saba hazikuulizwa.

Ofisini alikaa mbele ya mashine. Kwenye kabati kulikuwa na kitabu cha zamani cha Wabelgiji chenye idadi za watu wa ng'ambo. Cishali: elfu arobaini. Umbali kwa barabara: kilomita mia moja na kumi. Hakujua kwa nini anafanya hivyo. Alizidisha, akagawa mara mbili, akazungusha mkono wa mashine.

Mia mbili sitini na nne.

Alichukua mia tatu na kumi na mbili za fishi, akatoa arobaini wa Rugoma ya kweli. Mia mbili sabini na mbili. Tofauti ya watu wanane. Kanuni haikuwa imekosea. Muda wote ilikuwa inamwambia, kwa namba, mkewe anatoka wapi.

Mlango ulifunguliwa, Honoré akaingia. Uso wake haukuwa wa jana.

"Alikuja bwana mumoja saa sita," alisema. "Kutoka ofisi nyingine, sitasema gani. Anataka liste ya majina. Wote walioandika Rugoma, na namba za nyumba. Atarudi kesho asubuhi."

"Alijua namna gani, shefu?"

Honoré alikaa. "Mi ndiye nilisema. Kwenye mukutano wa asubuhi. Nilikuwa na furaha, nikasema, mujue tumegundua batu mia tatu ambao hawatoki wanaposema wanatoka." Alijipiga paji la uso kwa ngumi. "Kama mutoto aliyeokota kitu. We umepata nini Carama?"

Massoudi angeweza kusema hakupata kitu. Baadaye alikiri kwamba wazo hilo lilimpitia. Badala yake alisukuma ile karatasi mbele ya shefu wake, mia mbili sitini na nne na mia mbili sabini na mbili, akasema: "Ni bakimbizi wa Cishali. Mumoja ni muke wangu. Mwingine ni mama yake, nilijua leo saa ine kwamba yuko muzima."

Honoré aliisoma karatasi muda mrefu.

"Ni hesabu nzuri kuliko zote zimetoka mu biro hii," alisema. Akaikunja mara nne. "Na haikufanyika."

Kisha akavua koti.

Kila fishi ilikuwa na utepe juu, wenye majina na namba ya nyumba. Kiapo walichotia sahihi kilisema utepe huo ukatwe na kuchomwa mara baada ya hesabu, ili jibu la mtu lisimrudie mtu. Kazi hiyo ilikuwa imecheleweshwa miezi minne kwa uvivu tu. Walitoa masanduku yote ya mji, sio ya Mutakura na Carama peke yake, wakayapeleka kwenye kile kisu kikubwa cha karatasi. Massoudi alipanga, Honoré alikandamiza. Fishi mia mbili kwa pigo moja. Vipande vilianguka kwenye kapu, majina juu ya majina, na Massoudi akavipeleka kuvichoma kwenye pipa nyuma ya ofisi. Jua lilipokuwa linagusa milima ya Congo kapu la mwisho lilikuwa majivu. Viganja vya Honoré vilitoka malengelenge.

Yule bwana alifika saa mbili asubuhi. Honoré alimwonyesha kiapo, sahihi na masanduku.

"Kwa nini jana?" aliuliza yule bwana.

"Kwa sababu tulikuwa tumechelewa. Niliona haya ulipokuja."

Bwana yule alizitazama fishi zisizo na vichwa, akautazama mkono wa Honoré uliofungwa kitambaa, kisha akamtazama Massoudi. Bwana alivaa kofia akaondoka. Walingoja wiki nzima, kisha mwezi, kila gari likisimama nje wakitazamana. Hakurudi.

Katika ripoti Rugoma haikuonekana. Iliunganishwa na vilima vyote vya kaskazini mwa bonde la Ruzizi, na ndani ya maelfu yale watu wa Cishali walipotea kabisa. Honoré alimpendekeza Massoudi kwa masomo kama alivyoahidi, lakini ripoti haikuwa na jambo la pekee la kuonyesha, nafasi ikaenda kwa kijana wa wizara nyingine. Massoudi hakulalamika. Ile karatasi iliyokunjwa mara nne hakuiona tena.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Siku nane alizungumza na mkewe kwa kupitia mtoto: mwambie mama yako chumvi, mwambie mama yako natoka. Hasira yake haikuwa ya Congo wala ya jina. Ilikuwa kwamba kila Jumatano, kwa miaka minne, alimuaga mtu akienda kwa mama yake, naye akamwambia alete sabuni nzuri. Asiya hakujitetea. Siku ya tisa, Jumapili, Massoudi alimvalisha Zaituni viatu mwenyewe.

"Unamupeleka wapi?" Asiya aliuliza.

"Kwa bibi yake. We unakuja ao unabaki?"

Walirudi jioni watu wanne. Baiskeli ilibeba sufuria mbili na gunia la mihogo, Massoudi alibeba mkeka ulioviringishwa, na mama alitembea nyuma kabisa, kitenge usoni, Zaituni akimvuta kwa kidole. Njia nzima Massoudi alikuwa akitunga maneno ya kuwaambia majirani. Shangazi. Ndugu wa mbali, mgonjwa kidogo.

Bibi Mwanne, jirani yao wa mkono wa kushoto, ambaye alimlea Massoudi tangu utoto, alikuwa amekaa kizingitini akisuka ukili. Aliinuka.

"Karibu, mama Nsimire," alisema. "Homa yako imeisha?"

Massoudi alisimama.

"Bibi, unamujua?"

"Eh, Massoudi. Mwaka jana alipougua, uji alipelekewa na nani? Mi, na Mama Rukiya. Na Jumatano mutoto wako anabaki kwa nani?"

"Basi mutaa muzima munajua."

"Mutaa muzima."

"Na hakuna aliyeniambia. Hata we."

Bibi Mwanne alimtazama kwa huruma kidogo. "Uliuliza nani, mwanangu?"

Nyuma ya kitenge mama alicheka, kicheko kifupi cha pua, na Asiya akaziba mdomo wake asimfuate. Massoudi alibaki katikati ya njia, mkeka begani, masikio yakiwaka, asijue ageukie wapi. Alipogeuka, Zaituni alikuwa ameshamwingiza bibi yake ndani, anamwonyesha mtungi wa maji uko wapi.